Jinsi ya kusoma mwezi katika rongorongo: mwongozo wa kufanyia kazi ubao wa Mamari

Rongorongo ni maandishi ya Rapa Nui, kisiwa cha Wapolinesia kilicho katika Pasifiki, mbali sana na pwani ya Chile. Hakuna aliyeyafumbua. Vimebaki vitu takriban ishirini na kitu vyenye maandishi hayo, vimetawanyika katika makumbusho ya dunia, na kisiwani kwenyewe hakikubaki hata kimoja. Hata hivyo, ipo sehemu moja ambayo wataalamu wengi wanakubaliana inahusu nini, na sehemu hiyo ni kalenda ya mwezi. Kwa hiyo anayetaka kuyafasiri maandishi haya kwa mizunguko ya mbingu aanzie hapo. Hiyo ndiyo kamba pekee iliyofungwa kwenye kigingi.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye daftari, penseli, picha nzuri za ubao na miezi mitatu ya kutazama angani. Falaki ya juu haihitajiki. Kinachohitajika ni subira, pamoja na moyo wa kukubali kwamba dhana unayoipenda imeshindwa.

Kwanza, fahamu kilichopotea

Usiruke hapa ukakimbilia alama. Mwaka 1862 na 1863 meli za watekaji kutoka Peru zilichukua watu wapatao 1,400 hadi 1,500 wa kisiwa hicho, karibu nusu ya wakazi wote, wakiwemo waliojua kusoma. Wachache waliorudishwa walirudi na ndui. Kufikia mwaka 1877 walihesabiwa watu 111 tu. Mtawa Mfaransa Eugène Eyraud alikuwa mgeni wa kwanza kuandika kwamba ameona vibao hivi, mwaka 1864, yaani wakati nyumba ilikuwa inaendelea kuungua.

Baadaye Askofu Jaussen, aliyekuwa Tahiti, alimpata Mrapanui aitwaye Metoro akamwomba amsomee vibao vinne. Metoro aliimba, askofu akaandika. Lakini alipofika kwenye mistari ya kalenda aliisoma kinyumenyume, na alama ya mwezi mpevu, iliyo wazi mno, ikampita bila kuitambua. Simlaumu Metoro. Aliombwa awe maktaba ya taifa lililokwisha zikwa. Ila uamuzi wangu ni huu: nyimbo zake usizitumie kama kamusi. Zitumie kama ushahidi wa lugha na wa jinsi watu walivyozitaja picha, basi.

Hatua ya 1: Pata ubao sahihi na mistari sahihi

Ubao unaoutafuta unaitwa Mamari. Mtafiti Mjerumani Thomas Barthel, katika kazi yake ya mwaka 1958, alivipa vitu vyote vya rongorongo herufi, na Mamari ukapata C. Una upana wa karibu sentimita 29, kimo cha sentimita 19.5, na mistari 14 kila upande. Uko Italia, mikononi mwa shirika la watawa la Mioyo Mitakatifu. Umechongwa kwenye mti wa Thespesia populnea, ambao huota pia kwenye fukwe zetu za Afrika Mashariki.

Kalenda iko upande wa a, kuanzia mstari wa 6 hadi wa 9. Katika maandiko utaona imeandikwa Ca6 hadi Ca9: C ni ubao, a ni upande, namba ni mstari. Zoea mtindo huu tangu leo, kwa sababu ndio utakaokuwezesha kulinganisha kazi yako na ya wengine.

Hatua ya 2: Geuza ubao kama walivyougeuza wao

Usomaji huanzia chini kushoto. Unasoma kwenda kulia hadi mwisho wa mstari, kisha unauzungusha ubao nusu duara, juu kuwa chini, na kuendelea na mstari unaofuata, tena kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiutazama ubao bila kuuzungusha, kila mstari wa pili umesimama kwa kichwa. Fikiria ng'ombe wa kulima anavyofika mwisho wa shamba na kugeuka.

Ukifanya kazi na picha kwenye kompyuta, tengeneza nakala mbili, moja wima na nyingine imezungushwa, na uzitumie kwa zamu. Hatua hii ni muhimu kuliko inavyoonekana: katika kalenda hii, mwelekeo wa picha ndio habari yenyewe. Hilali kuelekea kushoto au kulia si pambo, na samaki kuangalia juu au chini si mkono wa mchongaji uliochoka. Ukikosea kuzungusha, umeipindua mbingu nzima.

Hatua ya 3: Nakili kwa mkono, usifasiri

Chora kila alama daftarini kama ilivyo, ikiwezekana na namba ya Barthel pembeni. Hilali ni namba 40 na mwezi mpevu ni namba 152. Usiandike "samaki", "ndege" wala "jua" kama jina la alama kwenye nakala yako ya kwanza. Jina likishakaa, macho huacha kutazama.

Hatua ya 4: Hesabu hilali kubwa

Sasa chukua kalamu nyekundu. Zungushia kila hilali kubwa inayoelekea upande wa kushoto. Zote ukizikusanya ni 29. Katikati yao imesimama picha moja isiyofanana nazo, ndiyo mwezi mpevu. Wenyeji wa kisiwa wanaujua kama bibi kizee awashaye umu, tanuri la kuchimbwa ardhini, huko mbinguni. Ni bibi yule ambaye Wapolinesia humwona katika sura ya mwezi.

Hilali 29 pamoja na mwezi mpevu ni 30. Namba hii usiifurahie bado. Tazama kwanza zimepangwaje: 14 kabla ya mwezi mpevu, 13 baada yake, na mbili za mwisho zimetengwa kwa utangulizi wake maalumu. Yaani usiku 28 wa kawaida na usiku mbili za akiba. Mpangilio huo ndio unaobeba uzito wa hoja. Jumla tupu haina nguvu hiyo.

Hatua ya 5: Tafuta kiitikio

Chukua kalamu ya rangi nyingine. Kati ya mafungu ya hilali utakuta kundi la alama nne linalorudi tena na tena, mara nane. Ndani yake kuna hilali mbili zinazoelekea kulia, kinyume cha zile za usiku, na mwishoni samaki aliyening'inia kwenye mshipi.

Mtazame samaki huyo kwa makini. Mara nne kabla ya mwezi mpevu, kichwa chake kiko juu. Mara nne baada ya mwezi mpevu, kichwa kiko chini. Mwezi unakua, mwezi unapungua. Hapa mimi husimama kila mara. Mchongaji ambaye jina lake hatulijui, mwenye jino la papa au kipande cha jiwe la volkano mkononi, amezungumza na wewe moja kwa moja, na umemwelewa bila kujua hata silabi moja ya alichokiandika.

Hatua ya 6: Weka orodha ya majina kando ya alama

Bila hatua hii, kila ulichofanya hadi sasa ni kubahatisha kwa nadhifu. Majina ya usiku za mwezi wa Rapa Nui yalikusanywa kisiwani mbali kabisa na ubao huu: William Thomson, aliyefika na meli ya Marekani Mohican mwezi Desemba 1886, kisha mwanaanthropolojia Alfred Métraux katika miaka ya 1930. Hii ndiyo orodha, ianzayo mwezi mchanga:

ata, ari, kokore ya kwanza hadi ya sita, maharu, hua, atua, (hotu), maure, ina-ira, rakau, motohi, kokore ya kwanza hadi ya tano, tapume, matua, rongo, rongo tane, mauri nui, mauri kero, mutu, tireo, (hiro).

Motohi, usiku wa 15, ni mwezi mpevu. Majina mawili niliyoyafunga kwenye mabano, hotu na hiro, ni usiku za akiba.

Sasa angalia kokore. Ni usiku zisizo na majina yake zenyewe, zinahesabiwa tu: sita kwanza, kisha tano baada ya mwezi mpevu. Rudi kwenye ubao. Mwanzoni mwa mstari wa 7 zipo hilali sita mfululizo zisizo na alama nyingine pembeni. Na pale mstari wa 7 unapokabidhiana na wa 8, zipo tano za namna hiyohiyo. Hilali saba kwingineko zina alama za ziada kando yake, na zinaangukia kwenye usiku zenye majina.

Mtaalamu wa lugha Jacques Guy aliyaeleza haya katika makala ya mwaka 1990, na ndiyo yaliyoifanya kazi ya Barthel, aliyeitambua kalenda hii, isimame kwa miguu miwili. Nadhani ni hoja nzuri kuliko zote katika uwanja huu, kwa sababu orodha ilitoka vinywani mwa watu, alama zilitoka kwenye mti, na hakuna upande uliomwona mwenzake.

Hatua ya 7: Fanya hesabu ya usiku za akiba

Kutoka mwezi kuandama hadi kuandama tena ni siku 29.53 kwa wastani. Kalenda ya usiku 28 inapungukiwa na usiku moja na nusu kila mwezi. Kwa miezi 12: 12 mara 28 ni 336, na mwezi wenyewe umetumia siku 354.37. Pengo ni siku 18 na kidogo. Kwa hiyo katika miezi 12 mtunza kalenda ana nafasi 24 za kuongeza usiku (mbili kila mwezi), naye anapaswa kutumia 18 tu. Swali linakuwa: anajuaje mwezi upi uongezwe usiku moja na upi mbili?

Sisi tuliozoea kusubiri mwandamo tunaijua shida hii. Tarehe 29 jioni watu hutazama magharibi, na mwezi usipoonekana, tunakamilisha 30. Wao wanaelekea kuwa na njia nyingine. Guy alipendekeza kwamba kiitikio kile ni maagizo ya kutazama ukubwa wa mwezi. Mwezi hauendi kwa duara kamili: ukiwa karibu uko kilomita kama 363,000 kutoka kwetu, ukiwa mbali ni kama 405,000. Ukiwa mbali huonekana mdogo na huenda polepole, kwa hiyo awamu zake huchelewa na kalenda huhitaji usiku wa ziada. Na kweli, sehemu mbili za kalenda, moja kabla na moja baada ya mwezi mpevu, zina hilali ndogo za nusu kimo zilizoinuliwa juu. Ya kwanza inaangukia pale majina yanapomweka hotu.

Hili ni pendekezo, si jambo lililothibitishwa. Liandike daftarini kwa penseli.

Hatua ya 8: Lijaribu kwa macho yako

Toboa tundu la duara la milimita 6 kwenye kadi ngumu. Chukua ufito ulionyooka wa karibu mita moja, weka jicho kwenye ncha moja, kisha telezesha kadi mpaka mwezi ujae tundu sawasawa. Andika umbali wa kadi. Mwezi ukiwa mbali nasi, kadi itasimama karibu sentimita 70 kutoka jichoni. Ukiwa karibu, kama sentimita 63. Vipimo vyako vitapotoka kidogo kwa sababu ya mboni ya jicho, lakini vitapotoka vyote kwa namna moja, na tofauti ndiyo unayoitafuta.

Fanya hivyo kila usiku mwezi ukiwa na umbo la kupimika, kwa miezi mitatu angalau, ukiandika pembeni jina la Kirapanui la usiku huo. Anza ata jioni ya kwanza unapouona mwezi. Utajua mwenyewe ni wapi umelazimika kuingiza hotu au hiro ili motohi iangukie mwezi mpevu. Wavuvi wa dagaa, ambao hupumzika mbalamwezi ikiwaka, watakusahihisha haraka ukikosea.

Kumbuka tu tofauti ya mahali. Kwetu karibu na ikweta hilali hulala kama mtumbwi. Rapa Nui iko nyuzi 27 kusini, na huko hilali huinama zaidi. Usichukue umbo unaloliona Tanga au Bujumbura ukalitumia kuamua hilali ya ubaoni inaelekea wapi.

Hatua ya 9: Jua, kwa tahadhari

Hapa wengi hupotea. Rapa Nui walikuwa na kalenda iliyounganisha jua na mwezi, hilo tuna msingi wa kulisema. Orodha ya miezi ya Thomson ina majina 13: Anakena, Hora iti, Hora nui, Tangarouri, Kotuti, Ruti, Koro, Tuaharo, Tetuupu, Tarahao, Vaitu nui, Vaitu poru na Maro. Miezi 12 ya mwandamo huachwa nyuma na mwaka wa jua kwa karibu siku 11, kwa hiyo kila baada ya mwaka wa pili au wa tatu mwezi wa 13 lazima uingizwe, mara saba katika miaka 19. Guy alipiga hesabu ya miandamo ya miaka ile akaona tarehe za Thomson zinakaa sawa, na akahitimisha kwamba Kotuti ndio mwezi wa kuongezwa, na kwamba Thomson alifika kisiwani katika mwaka uliokuwa nao.

Majirani wa Kizanzibari walioshuhudia Mwaka Kogwa wa Makunduchi watakielewa kisa hiki haraka, kwa kuwa wanaishi na kalenda mbili, ya mwandamo na ya Nairuzi inayofuata jua. Tofauti ni kwamba zetu hazingojani. Za Rapa Nui zilifungwa pamoja.

Lakini yote hayo yametoka midomoni mwa watu. Kwenye vibao hatuna jedwali la jua lenye ushahidi unaokaribia ule wa Mamari. Ipo alama yenye miale, namba 8 ya Barthel, na mtu akiiona tu husema jua. Inaweza kuwa jua. Inaweza kuwa nyota, au silabi iliyoazima sura ya jua. Ukiitaja jua, jiulize maswali matatu: je, inarudi kwa mpangilio kama samaki wa Mamari? Je, kuna orodha ya mdomo inayolingana na idadi na mafungu yake? Je, kuna kitu kinachogeuka pale msimu unapogeuka? Majibu yakiwa hapana, andika "namba 8" na uendelee.

Hatua ya 10: Jaribio la ubao usiohusika

Ukidhani umegundua kalenda nyingine, kwa mfano katika Fimbo ya Santiago yenye alama takriban 2,300, fanya hivi kabla ya kumwambia mtu. Andika orodha ya namba ambazo ungezikubali kama "za mbingu": 7, 12, 13, 14, 15, 19, 27, 28, 29, 30, 59. Utaona zilivyo nyingi. Sasa chagua vifungu kumi vya urefu uleule kutoka vibao vingine, bila kuangalia kwanza kuna nini, na uhesabu alama zinazojirudia kwa masharti yaleyale. Vikitoa namba za mbingu mara nyingi kama kifungu chako, ulichokikuta ni wingi wa namba unazozipokea. Kalenda bado hujaipata.

Jaribio hili limenivunjia dhana tatu. Moja nilikuwa nimeikalia kwa karibu mwaka mzima, nimeichorea hadi jedwali la rangi. Iliniuma. Ila Mamari haukutikisika hata kidogo chini ya jaribio hilohilo, kwa kuwa hausimami juu ya jumla ya 30. Unasimama juu ya sita na tano za kokore, samaki wanaogeuka, na usiku mbili zilizotengwa mwishoni.

Hatua ya 11: Andika umri wa mti kando na umri wa maandishi

Watafiti walipima vibao vinne vilivyoko Roma kwa kaboni na kutoa matokeo mwaka 2024. Mti wa kibao kimoja, kile cha herufi D, ulikatwa kati ya mwaka 1493 na 1509, kabla Mzungu yeyote hajafika kisiwani. Mzungu wa kwanza, Mholanzi Roggeveen, alifika mwaka 1722. Mitatu mingine, Mamari ukiwemo, ni ya karne ya 19. Mti unaweza kukaa miaka mingi kabla ya kuchongwa, na maneno yanaweza kunakiliwa kutoka kibao kilichochakaa. Ukijaribu kufunga kalenda ya Mamari na tukio la angani la mwaka fulani, kama kupatwa kwa jua, weka tarehe zote mbili kwenye ukurasa mmoja na uache nafasi kati yake.

Hatua ya 12: Sema kwa sauti

Jifunze majina ya usiku yale kwa matamshi ya Kirapanui. Irabu zake ni tano kama zetu, kila moja na sauti yake, kwa hiyo Mswahili hapati shida. Wazee walimsimulia mtafiti Mwingereza Katherine Routledge, aliyekaa kisiwani mwaka 1914 na 1915, jinsi watu walivyokusanyika kila mwaka mahali paitwapo Anakena, jina lilelile la mwezi, mbele ya mfalme Nga'ara kusikiliza vibao vikisomwa, mwenye kukosea akasahihishwa mbele ya watu. Rongorongo lilikuwa jambo la sauti. Kirapanui kinazungumzwa kisiwani hadi leo na wajukuu wa wale 111. Ukiwa na daftari lako la miezi mitatu, toka nje usiku wa motohi, hesabu kuanzia ata, na umwite kila usiku kwa jina lake hadi umfikie bibi na umu wake.